Shangazi hajafa: kisa cha pensheni iliyokatika Kisauni

Jumatatu moja ya Septemba 2024 shangazi alirudi kutoka kwenye mashine ya pesa, akakaa kwenye benchi la saiba yangu, duka langu la intaneti na kopi, mtandio mkononi, asiseme kitu. Nilikuwa namtolea mteja kopi za kitambulisho. Mteja alipotoka ndipo akafungua kinywa.

"Babangu, kadi imekataa. Mashine ni nzima, nimejaribu mbili. Zote zaniambia pesa hazitoshi."

Nikacheka. "Shangazi, pesa za Ulaya nazo zaisha?" Kicheko hicho nimekilipia kwa miezi mitatu ya simu, foleni na stempu.

Nakiandika kisa hiki kwa ruhusa yake, bila majina, kwa sababu kazi yangu ni kujaza fomu za watu hapa Kisauni, Mombasa, na wazee wa namna yake nawapokea kila mara. Wamefanya kazi ughaibuni miaka arobaini, wamerudi Pwani kupumzika, lakini pensheni yao ingali inakaa kule. Kwa Uingereza, shangazi ni mstaafu anayeishi nchi ya nje. Kwa Kenya, kama itakavyoonekana, alikuwa mgeni. Kwa mtaa ni binti wa nyumba ile ya nyuma ya msikiti. Shida yote ilikuwa kuwafanya hao watatu wawe mtu mmoja kwenye karatasi.

Aliondoka Mombasa mwaka 1979, ana miaka 23, kwenda Uingereza kusomea unesi. Akabaki hukohuko. Akaolewa na Mwingereza, akachukua uraia wa Uingereza, akazaa mtoto mmoja ambaye sasa yuko Leicester, akazika mume. Januari 2022 alifikisha miaka 66, umri wa pensheni ya serikali kwa watu wa rika lake, na Juni mwaka huohuo akafunga virago akarudi nyumbani kwa kaka yake, yaani baba yangu.

Mapato yake ni mafungu mawili, na hapo ndipo wengi huchanganya. La kwanza ni pensheni ya kazini, ile ya waajiriwa wa NHS, yaani huduma ya afya ya taifa ya huko, huingia kila mwezi. La pili ni pensheni ya serikali, ambayo hulipwa mtu aliyechangia bima ya taifa. Kwa waliofikia umri wao tangu tarehe 6 Aprili 2016, ni lazima uwe na angalau miaka 10 ya michango ndipo upate chochote, na kwa kawaida miaka 35 ndipo upate kima kamili. Mafungu haya hutoka ofisi mbalimbali na kila moja lina sheria zake. Yote mawili yalikuwa yakiingia akaunti moja ya benki kulekule Uingereza, naye akiyatoa huku kwa kadi.

Pensheni ya serikali, ukiwa nje, unaweza kuchagua ilipwe kila baada ya wiki 4 au kila baada ya wiki 13. Shangazi alichagua 13. Alikuwa anajenga ukuta wa ua, akaona bora pesa zije kwa mkupuo, kama mtu anayevunja kibubu, kuliko zije vijisenti vijisenti ziishie kwenye samaki na umeme. Ukimsikiliza utaona ana akili. Lakini malipo ya wiki 13 yakikatika, utajua lini? Yale ya mwisho wa Mei hayakuja, na kwa sababu pensheni ya kazini iliendelea kuingia kila mwezi, akaunti haikukauka, ilipungua tu. Yale ya mwisho wa Agosti nayo hayakuja. Fundi wa ukuta akaja kudai zake Septemba, na hapo ndipo mashine ikasema ukweli. Kwa malipo ya wiki 4 tungeshtuka kabla Juni haijaisha.

Nikamwambia tupige simu benki kwanza. Benki wakasema akaunti haina tatizo, ila hakuna kilichoingia kutoka kwenye pensheni ya serikali tangu Februari. Kwa hiyo tatizo liko kwa mlipaji. Simu ya pili ikawa ya ofisi ya pensheni ya huko.

Nitaieleza simu hiyo kwa urefu kidogo kwa sababu ndani yake mna kisa chote.

Tulingoja hadi saa tano na nusu asubuhi, maana Septemba Uingereza wako nyuma yetu kwa saa mbili na ofisi zao hazijafunguliwa tukiwa tunakunywa chai. Niliweka kredo ya kutosha, nikazima feni isipige kelele, nikamwekea shangazi simu kwa spika. Muziki ukapigwa. Ukapigwa tena. Shangazi akaimalizia tasbihi yake. Hatimaye akaja kijana mmoja mwenye adabu sana, akaanza kumuuliza maswali ya kuhakikisha ni yeye: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya bima ya taifa. Hiyo ya bima aliitaja bila kusoma popote, kama anavyotaja jina la mamake. Kisha kijana akauliza, "Anuani yako tuliyo nayo ni ipi?"

Shangazi akaanza kumweleza nyumba. Kisauni, Mombasa. Kijana akangoja. Shangazi akaongeza jina la barabara, akataja msikiti, akataja duka la mbao. Mimi nikawa nampungia mkono anyamaze. Kijana akasema samahani, haviwiani na vilivyoandikwa, na hawezi kuendelea kuzungumza kuhusu akaunti hiyo siku hiyo.

"Mimi ndiye mimi!" shangazi akasema, simu imeshakatika.

Sikumlaumu kijana na silaumu hata sasa. Angetoa habari za pensheni kwa kila mwenye sauti ya kizee, watu wangekuwa wameibiwa. Kosa lilikuwa letu na lilikuwa la zamani. Mwaka 2022, shangazi alipoandika kule kuarifu kwamba anahama, fomu iliuliza anuani. Hapa kwetu nyumba haina nambari ya mlango. Mgeni akija unamwelekeza kwa mdomo: shuka pale kwa fundi viatu, uliza kwa nesi wa Ulaya. Barua haiulizi njia. Kwa hiyo akaandika anuani pekee aliyoijua tangu utotoni, sanduku la posta la kaka yake, lililokuwa la biashara ya nguo ambayo hata haipo tena. Akaliandika, akalisahau. Baba akafariki 2023. Ada ya sanduku ilikuwa imelipwa hadi mwisho wa mwaka huo, na Januari 2024 hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba kuna sanduku. Ufunguo ulikuwa kwenye kishada cha funguo za marehemu, kati ya funguo za makufuli ambayo hatuyajui.

Barua iliyotumwa kwenye sanduku hilo ilikuwa fomu ya kuthibitisha uhai.

Kwa asiyeijua: mstaafu wa Uingereza anayeishi nje hutumiwa fomu hiyo kwa posta. Aijaze, atie sahihi, shahidi naye atie sahihi kwamba amemwona yu hai, kisha irudishwe. Isiporudi, malipo yanaweza kusimamishwa. Fomu za namna hii hawana Waingereza peke yao. Wajerumani nao huwatumia wastaafu wao walioko nje kila mwaka. Sababu inajulikana: ukifa Leicester, msajili wa vifo ataiarifu serikali, ukifa Kisauni utazikwa kabla ya alasiri, na huko Uingereza hakuna atakayejua mpaka mtu aandike. Wapo waliokaa na kadi ya marehemu wakachota miaka. Kwa hiyo wanauliza, "Bado upo?" Na wewe ukinyamaza, wanachukulia jibu ni hilo.

Tukarudi nyumbani kupekua. Kwenye mtoto wa meza ya baba, chini ya bili za maji, nikaipata risiti ya ada ya sanduku ya 2023 ikiwa na nambari. Tulipoipigia tena ofisi ya pensheni, siku ya Alhamisi, shangazi aliitaja nambari hiyo kama nenosiri la hazina, na mlango ukafunguka. Fomu ilitumwa Februari. Haikurudi. Malipo yamesimamishwa. Hayajapotea: akithibitisha uhai, yatalipwa pamoja na malimbikizo. Papo hapo akabadilisha anuani, akaweka sanduku langu la saiba, ambalo ada yake nimelipa na ufunguo wake naujua. Akaomba fomu mpya. Itakuja kwa njia gani? Kwa posta.

Basi tukangoja. Hiyo ndiyo sehemu ya kisa isiyo na cha kusimulia. Nilikuwa nikilifungua sanduku kila siku ya pili na kulifunga.

Fomu ilipofika mwishoni mwa Oktoba, shangazi alitaka kaka yangu asaini mara moja, maana ni mwalimu na walimu wamo kwenye orodha ya wanaokubaliwa. Nikamzuia. Shahidi hatakiwi kuwa jamaa wala mtu mnayekaa naye nyumba moja. Kinachotakiwa ni mtu wa kazi inayotambulika: daktari, mwalimu, afisa wa benki, kiongozi wa dini na wengineo. Kizuri ni kwamba si lazima awe anakaa Uingereza, si lazima awe na pasipoti yao, na akiwa amestaafu haidhuru. Nalisisitiza hili kwa sababu mwaka jana mzee mmoja wa Bamburi alinunua tikiti ya kwenda Nairobi kumtafuta Mwingereza wa kumsainia, na kumbe imamu wake mwenyewe angetosha.

Tulimwendea mwalimu mkuu mstaafu wa mtaa wa pili, aliyemjua shangazi tangu wakiwa wanacheza kibe. Akatukaribisha barazani, kahawa ikaja na kashata. Mwalimu akavaa miwani. Akaisoma fomu. Akaisoma tena, safari hii kidole kikifuata mstari. Kisha akaomba pasipoti.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Kwenye pasipoti shangazi ana jina la ukoo la mume wake, jina la Kiingereza. Mwalimu alimjua kwa jina lake na la baba yake.

"Ni mimi, Mwalimu. Si waona picha?"

"Picha naiona. Hapa nimeulizwa nithibitishe namjua mtu mwenye jina hili. Mimi simjui mtu mwenye jina hili. Namjua wewe."

Shangazi akageuka kunitazama, nami nikatazama kahawa. Ungetarajia akasirike, badala yake alianza kucheka, kicheko cha chini kilichomtoa machozi. Tukarudi nyumbani kuchukua cheti cha ndoa, kilichotolewa na ofisi ya msajili huko Leicester, ambacho kina majina yote mawili. Mwalimu akakisoma nacho. Akauliza tarehe ya ndoa, akahesabu kwa vidole mwaka ambao shangazi alimwandikia kadi ya Idi bila kumwambia ameolewa, akanung'unika kidogo kuhusu hilo. Ndipo akasaini, kwa mwandiko wa walimu wa zamani, kila herufi na mkia wake.

Nimewaona mashahidi wengi wakisaini wasichosoma, tena mbele ya kaunta yangu. Siku hiyo nilitamani Mwalimu awe kama wao, na sasa naona aibu kwa kutamani hivyo. Lakini alituonyesha tundu ambalo tungeliangukia mbele zaidi, kama utakavyoona.

Fomu ikaenda kwa barua ya rejista. Desemba pesa zikaingia, malimbikizo yote kwa pamoja. Na hapo shangazi akapiga hesabu, akaniita.

"Wamenipunja."

Hakuwa amepunjwa. Alikuwa amekutana na jambo ambalo hakuwahi kuelezwa waziwazi, na nadhani Waswahili wengi walioko Uingereza hawalijui mpaka wamekwisha kuuza samani. Pensheni ya serikali ya Uingereza hupanda kila Aprili. Aprili 2022 kima kamili kilikuwa pauni 185.15 kwa wiki. Aprili 2023 kikawa 203.85, Aprili 2024 kikawa 221.20. Lakini nyongeza hizo huwapata walioko Uingereza na walioko kwenye nchi fulani tu: za Umoja wa Ulaya, Marekani, Jamaika, Morisi na nyingine chache zenye mkataba unaoruhusu. Kenya haimo. Tanzania haimo. Kanada na Australia, pamoja na undugu wao wote na mfalme, hazimo. Ukihamia nchi isiyomo, pensheni hugandishwa kwenye kima cha siku uliyoondoka, na hubaki hapo mpaka siku yako ya mwisho, labda urudi kuishi Uingereza.

Shangazi hapati kima kamili hasa, kwa sababu wafanyakazi wa NHS, hadi Aprili 2016, walichangia bima ya taifa kwa kiwango cha chini kutokana na kuwa na pensheni yao ya kazini. Lakini kwa anayepata kima kamili hesabu ni rahisi. Aliyehamia Mombasa Juni 2022 anaendelea kupata pauni 185.15. Mwenzake aliyestaafu siku ileile akabaki Leicester, Aprili 2025 alifikia 230.25. Tofauti mwaka huo ilikuwa pauni 45.10 kwa wiki, pauni 2,345.20 kwa mwaka, na kila Aprili pengo hupanuka. Wote wawili walichangia sawasawa. Angestaafia Morisi, kisiwa cha Bahari ya Hindi hiihii anachokiona kwenye ramani ya ukutani kwangu, angepandishiwa.

Jambo hili lilipelekwa mahakamani. Mstaafu mmoja aliyehamia Afrika Kusini, Annette Carson, pamoja na wenzake kumi na wawili, walifika hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Tarehe 16 Machi 2010 jopo kuu la majaji likawakatalia, kura 11 kwa 6, kwamba hali ya aliye nje si sawa na ya aliye ndani hata ikawa ni ubaguzi. Nilimsomea shangazi habari hiyo kwenye skrini. Akauliza, "Hao sita walikuwa kina nani, niwaombee dua?" Kwa maoni yangu majaji walikosea, maana mchango haukuulizwa utazeekea wapi ulipokuwa ukikatwa. Lakini sheria ndiyo hiyo, na mstaafu hupanga maisha kwa sheria iliyopo.

Kuna wanaoipiga chenga. Wanaacha anuani ya mtoto huko Uingereza, hawaarifu kwamba wamehama, nyongeza inaendelea kuingia. Jirani mmoja alimshauri shangazi afanye hivyo, tena kwa nia njema. Mimi kama mtu wa fomu nimeiona njia hiyo ikiishia wapi: siku ikigundulika unadaiwa kila senti uliyozidishiwa, na uzee haukuepushi na korti. Shangazi hakungoja maelezo yangu. Alisema miaka arobaini amekuwa akiandika joto la mgonjwa kama lilivyo, hawezi kuanza uongo na miaka 68.

Sasa nirudi kwenye lile tundu la Mwalimu. Tulipomaliza ya Uingereza nikamwambia, shangazi, na ya Kenya je? Kwa sababu muda wote huo alikuwa akiishi kwenye nyumba aliyozaliwa kwa muhuri wa mtalii. Mwaka 2022 aliingia kwa viza ya matembezi. Ikikaribia kwisha, anaomba nyongeza, kisha anavuka Lunga Lunga kwenda Tanga, anakaa kwa ndugu, anarudi na muhuri mpya. Kuanzia Januari 2024 Kenya ilipobadilisha viza ikaleta idhini ya kusafiri ya mtandaoni, akawa analipa dola 30 kuingia mji aliozaliwa. Laini yake ya simu ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho changu, kwa hiyo akimlipa muuza samaki kwa M-Pesa linatokea jina langu, na muuza samaki akazoea kumwita hivyo. Akaunti ya benki ya hapa hakuwa nayo. Ndiyo sababu kila kitu kilining'inia kwenye kadi moja ya benki ya Uingereza, na kadi hiyo ilipokataa hakuwa na pa kukimbilia.

Uraia wa Kenya aliupoteza bila kujua. Katiba ya zamani haikuruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Siku alipochukua wa Uingereza, wa Kenya ukaondoka. Katiba ya 2010 iliyaondoa hayo. Ibara ya 14 kifungu cha 5 inasema aliyekuwa raia wa kuzaliwa akaupoteza kwa kuchukua wa nchi nyingine ana haki ya kuurudisha akiomba. Kumbuka neno akiomba. Haurudi wenyewe. Kwa miaka kumi na minne shangazi alidhani umerudi, kwa kuwa redioni walisema uraia pacha umeruhusiwa.

Angeweza kuomba akiwa bado Uingereza, kupitia ubalozi, kabla hajafunga sanduku hata moja. Kama kuna jambo moja la mpangilio ambalo ningelibadilisha kwenye kisa hiki chote ni hilo. Uraia ungetangulia, kitambulisho kikafuata, kisha nambari ya kodi, benki, laini ya simu, sanduku la posta la jina lake, na mwisho kabisa barua ya kuarifu pensheni kwamba nimehama. Yeye alianzia mwisho.

Maombi yalidai ithibatike alikuwa Mkenya wa kuzaliwa. Kwenye kopo la biskuti alikuwa na pasipoti yake ya 1979 na cheti cha kuzaliwa cha 1956, kimeandikwa Koloni na Himaya ya Kenya, maana alizaliwa Mwambao bado ni mali ya Sultani wa Unguja kwa jina na ya Mwingereza kwa vitendo. Uhuru ulimkuta ana miaka saba. Majina kwenye cheti hicho ni ya baba yake; majina kwenye pasipoti ya Uingereza ni ya mume. Cheti cha ndoa alichotudai Mwalimu kikawa daraja tena, na safari hii tulikuwa nacho mfukoni kabla hatujaulizwa.

Cheti cha kurejeshewa uraia kilipotoka mwaka 2025 tukaenda kuomba kitambulisho. Afisa, msichana mdogo, akamuuliza nambari ya kitambulisho cha zamani.

"Sijawahi kuwa nacho."

"Mama, una miaka sitini na tisa."

"Nasema sijawahi."

Msichana akadhani anasahau. Hakuwa anasahau. Sheria ya kusajili watu ilibadilishwa mwaka 1978 ndipo wanawake wakaingizwa, na vitambulisho vipya vikaanza kutolewa 1980. Kabla ya hapo kipande kilikuwa cha wanaume. Shangazi aliondoka 1979, katikati ya sheria na utekelezaji. Ilibidi barua ya chifu, ilibidi wazee wawili wa mtaa waje kusema wanamjua, na mmoja wao, bila shaka, alikuwa Mwalimu, aliyekuja na miwani yake na kuuliza fomu inasemaje kabla hajafungua mdomo.

Kitambulisho kikatoka. Nikamfungulia nambari ya kodi, nikamwonya kwamba sasa kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni lazima aweke ritani, yaani taarifa ya mapato, hata kama hana cha kutangaza, la sivyo faini ni shilingi 2,000 au zaidi. Nikamwambia pia, kwa utani, kwamba kwa kuwa ana uraia wa nchi mbili asahau ubunge. Akasema hilo amelipokea kwa masikitiko. Laini ya simu ikasajiliwa upya. Muuza samaki sasa amejifunza jina lake. Malipo ya pensheni ameyahamishia kwenye wiki 4. Ukuta wa ua umefika kiunoni na unapanda pole pole.

Sanduku la posta alikataa kutumia langu. Amekodi la kwake, na ufunguo ameufunga kwenye ncha ya leso, pale ambapo wanawake wa rika lake hufunga pesa. Kila Ijumaa kabla ya sala hupanda matatu hadi mjini kulifungua. Fomu nyingine ya uhai itakuja, siku yoyote. Ijumaa iliyopita nilimwona akipita mbele ya saiba akirudi, mikono mitupu, nikamuuliza kwa kichwa tu.

"Hawajaniuliza bado," akasema, akaingia ndani kuteleka wali.